Kanyaga, Achilia

Tarehe 22 Novemba mwaka wa 2002 nilipoteza ndugu yangu wa kunifuata. Ilikuwa Ijumaa, mvua fupi zilikuwa zimeanza juzi yake, na yeye alikuwa akitoka Bisil akirudi Kajiado. Kwetu jina la mtu aliyekufa haliitwi tena, kwa hivyo sitaliandika. Nitasema ndugu yangu, na inatosha.

Watu wakisikia ni ajali huuliza kama dereva alikuwa amelewa. Hakuwa mtu wa kunywa. Kisha huuliza kama gari lilikuwa bovu, na hapo ndipo huwa nashindwa kujibu haraka. Gari halikuwa bovu. Siku hiyo lilikuwa zima kuliko siku zote alizokuwa nalo.

Mimi si mtu wa magari. Shule niliachia darasa la saba, na kazi yangu wakati huo ilikuwa kuuza chai na chapati Noonkopir, pale Kitengela, kando ya uwanja wa mafundi. Ukikaa mahali kama pale miaka kadhaa unajua majina ya vitu ambavyo hujawahi kuvishika. Unajua gari likija na mlio fulani fundi atalala upande gani. Lakini kujua hivyo si kujua gari. Mengi ninayoandika hapa nilielezwa baadaye, wakati hayakuwa na kazi tena.

Lazima nianze na baba.

Baba alikuwa dereva wa lori la serikali. Alipeleka maji na mahindi mahali ambapo hapakuwa na barabara, na alipostaafu alikuwa hajawahi kuangusha gari. Hilo lilijulikana Kajiado nzima. Watu wa rika lake walikuwa wakimsifu kwa hilo kama wengine wanavyosifiwa kwa ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alimfundisha ndugu yangu kuendesha, kwa pikapu kuukuu ya mtu wa rika lake, kwenye barabara ya udongo nyuma ya mji. Alingoja mvua inyeshe kwanza. Alisema mtu akijifunza kukiwa kukavu hajajifunza kitu.

Mimi nilikaa nyuma, juu ya mitungi ya maji. Wasichana hatukufundishwa, lakini hakuna aliyetukataza kusikiliza.

"Vua kiatu," baba alimwambia.

"Papa, nitadungwa na miiba."

"Ndani ya gari kuna miiba? Vua. Mguu usikie."

Ndugu yangu akavua. Wakaondoka, na gari liliposhika kasi baba akasema simama. Ndugu yangu akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, na pikapu ikageuka ubavu, ikateleza tu bila kelele mpaka ikaingia kwenye kichaka cha miiba cha oltepesi. Mitungi ilinigonga magoti. Baba hakupandisha sauti.

"Umeona? Umefunga tairi. Tairi ikifungwa wewe huendeshi tena, wewe unabebwa. Kanyaga, achilia. Kanyaga, achilia. Tairi izunguke kidogo, ishikwe kidogo. Sema."

"Kanyaga, achilia."

"Usiseme na mdomo. Sema na mguu."

Walirudia mpaka jioni. Na kwa miezi mingi baadaye ndugu yangu alikuwa akifanya mazoezi nyumbani, amekaa kwenye kigoda karibu na moto, mguu mtupu juu ya kifuniko cha sufuria. Kanyaga, achilia. Kifuniko kilikuwa kinalia kwa kufuata mguu wake. Mama yetu alikuwa akimtania.

"Hiyo sufuria itafika Nairobi lini?"

"Imefika Isinya, yeyo. Kuna ng'ombe barabarani."

Mwishowe hakuhitaji kufikiri. Hata akiwa amekaa kama abiria kwenye gari la mtu mwingine, dereva akichelewa kushika breki, ungeona mguu wa ndugu yangu ukikanyaga sakafu na kuachilia. Tulikuwa tukimcheka. Baba hakucheka. Aliutazama ule mguu vile mtu anavyotazama ukuta aliojenga mwenyewe.

Mwaka wa 2000 ndugu yangu alipata gari lake, stesheni wagoni la kutoka Japani, lililotumika huko kisha likatumika tena Kiserian. Alikuwa akibeba bidhaa za maduka kutoka Kitengela kwenda Kajiado na Bisil, na akirudi anabeba maziwa na watu. Tangu siku ya kwanza kulikuwa na taa ya manjano kwenye dashibodi, yenye herufi tatu, ABS. Haikuzimika. Aliyemuuzia alimwambia ni taa tu, gari linashika breki vizuri. Na kweli lilikuwa linashika. Ndugu yangu aliliendesha vile alivyofundishwa, kwenye matope na kwenye vumbi, na gari lilimtii.

"Hiyo ni urembo," alikuwa akisema mtu akiuliza kuhusu ile taa.

Mke wake ndiye hakuipenda. Mwaka wa 2002 alikuwa mjamzito, na safari za Bisil alikuwa anakwenda naye kwa sababu mama yake mzazi aliishi huko. Siku moja wakiwa kwangu wanakunywa chai alisema, "Wifi, mwambie huyu mtu atengeneze gari. Hiyo taa inaniangalia. Safari yote inaniangalia."

"Taa ina macho?" ndugu yangu akamuuliza.

"Iko nayo. Na haipepesi."

Ndivyo gari lilivyoletwa kwa fundi. Fundi huyo alikuwa jirani yangu wa kazi, mtu mpole, Mwislamu, watu wake wakitoka upande wa Garissa. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, na mchana alikuwa akipita mbele ya kibanda changu bila kutazama birika. Mafundi wengine wa uwanja ule walikuwa na njia yao ya kumaliza taa ya ABS. Walifungua dashibodi wakatoa balbu. Taa imezimika, mwenye gari amefurahi, kila mtu amekwenda zake. Hawakuwa watu wabaya. Barabara zetu ziliharibu mitambo ya ABS upesi na vipuri vyake havikupatikana, na breki ya kawaida ilibaki inafanya kazi, kwa hivyo waliona hawajamnyima mtu kitu.

Ndugu yangu naye alitaka hivyo hivyo. "Fundi, toa tu balbu. Mama watoto apate usingizi."

"Nikitoa balbu nitakuwa nimetengeneza balbu," fundi akasema. "Wacha niulize gari kwanza."

Aliangalia mafuta ya breki, akasema yako sawa. Aliangalia fyuzi, akasema ni nzima. Kisha akanijia mimi akaomba pini ya nywele. Nilidhani ananichekesha. Niliitoa kichwani nikampa, akaikunja, akafungua kiboksi kidogo chini ya boneti na kuunganisha matundu mawili kwa ile pini. Akamwambia ndugu yangu awashe swichi bila kuwasha injini. Ile taa ambayo haikupepesa miaka miwili ikaanza kukonyeza. Ikakonyeza, ikapumzika, ikakonyeza tena kwa mpango. Fundi alikuwa anahesabu midomo ikisogea.

"Inasema gurudumu la mbele, upande wa kushoto," akasema.

"Kwani hiyo taa iliongea Kisomali?" ndugu yangu akamuuliza.

"Kijapani. Mimi natafsiri tu."

Aliinua gari kwa jeki na kutoa gurudumu. Ndani kulikuwa na mkanda wa chuma wenye meno madogo madogo, na mbele ya meno kitu kama kidole cheusi, ambacho alikiita sensa. Kidole hicho kilikuwa kimevikwa matope makavu na unga wa chuma, na waya wake ulikuwa umekatwa na mawe. Alisafisha meno kwa brashi na petroli, akaifuta sensa, akapima waya kwa mita yake, akaunganisha palipokatika, akafunga vizuri na kuuning'iniza mbali na mawe. Kazi ilimchukua alasiri yote. Alipomaliza akafuta kumbukumbu ya ile hitilafu na kuwasha gari. Taa ikawaka kidogo ikazimika. Ndugu yangu alipiga makofi. Mimi nilipewa pini yangu, imekunjika, na sikuirudisha kichwani.

Nataka kusema vizuri kilichofuata, kwa sababu nilikuwa karibu nikiosha vikombe na nilisikia kila neno.

Fundi alisema, "Sasa sikiza. Hii breki imeamka. Ukikanyaga kwa nguvu mahali pa utelezi itatetemeka chini ya mguu, na itapiga kelele. Usiachilie. Shikilia tu."

Ndugu yangu akacheka. "Fundi, mimi breki nilifunzwa na mzee aliyeendesha lori kabla wewe hujaota meno."

"Najua. Lakini hii ni tofauti. Twende hapo kwenye changarawe tujaribu, uisikie."

Jua lilikuwa linaingia. Kutoka msikitini adhana ilianza, na fundi akasimama akitazama mikono yake yenye grisi. Alikuwa hajaweka kitu mdomoni tangu alfajiri.

"Enda ukafungue, sheikh," ndugu yangu akamwambia. "Usife njaa kwa sababu ya gari langu."

"Kesho pitia, basi. Tutajaribu kesho."

"Nitapita."

Kesho yake alipata mzigo wa Kajiado mapema, akapita barabara kuu bila kuingia kwetu. Alinipungia mkono. Siku hizo bado zilikuwa kavu na hakuna aliyefikiria tena habari ya kujaribu. Mimi sikufikiria. Fundi aliniambia baadaye kwamba yeye alifikiria mara moja, kisha akaja mtu na gari lingine.

Habari ilinifikia Ijumaa mchana. Fundi alikuwa amefunga kazi amekwenda kuswali, na uwanja ulikuwa kimya. Nilipofika hospitali Kajiado nilimkuta wifi yangu amelazwa, mkono umefungwa, na mtoto tumboni alikuwa salama. Aliniambia mara moja tu na sijamwomba anieleze tena. Alisema mvua ilikuwa inanyesha, si kubwa. Lori la mifugo lilikuwa limesimama barabarani kungoja kondoo wavuke. Ndugu yangu aliliona kutoka mbali, wala hakuwa anakimbia. Akakanyaga breki. Gari likaanza kunguruma chini na ndugu yangu akashtuka, akasema, "Breki imevunjika." Akatoa mguu. Akakanyaga tena, ikanguruma tena, akatoa. Alikuwa anakanyaga na kuachilia mpaka walipofika kwenye lori. Aligeuza usukani mwishoni ili upande wake ndio upige.

Wifi alisema maneno hayo, breki imevunjika, na baba alikuwa amesimama mlangoni.

Tulimzika nyumbani. Baada ya mazishi baba hakusema na mtu kwa siku kadhaa. Alikaa nje kwenye kigoda chake, akitazama mahali ambapo lile gari lilikuwa likiegeshwa. Alipoanza kusema, alisema jambo moja. Gari liliendeshwa miaka miwili na breki zake zilikuwa sawa. Likaenda kwa fundi wa Kitengela. Ndani ya wiki hiyo breki ikavunjika.

"Amemuua kijana yangu kwa spana," akasema.

Uwanja wa mafundi pale Noonkopir ulikuwa shamba la mtu wa rika la baba. Wenye kujua mambo yetu wanaelewa maana yake. Watu wa rika moja hawanyimani. Baba hakuhitaji polisi wala mahakama. Angemwambia mwenzake neno moja na fundi yule angeng'oa mabati yake siku hiyo hiyo, na hakuna mwenye shamba mwingine wa rika lile ambaye angempa mahali, kuanzia Kitengela mpaka Namanga. Yule fundi alikuwa na watoto wadogo. Baba alikuwa anangoja tu siku za msiba zipite ndipo aende.

Nilirudi Noonkopir nikiwa najua hayo. Sikuweza kuwasha moto. Fundi alikuja akakaa kwenye benchi langu, mikono kati ya magoti, na sikujua kama nimsalimie au nimfukuze. Nilimwambia alichosema wifi. Nilipofika mahali pa kunguruma alifunika uso.

"Haikuvunjika," akasema. "Hiyo ndiyo kazi yake. Ilikuwa inafanya kazi."

Nilimwambia anieleze pole pole, kwa sababu mimi si dereva. Alinieleza kwa mbuzi.

"Fikiria unavuta mbuzi kwa kamba. Ukivuta kwa nguvu sana analala chini, unamburuta. Hatembei. Ukilegeza kidogo anasimama, anatembea, unavuta tena. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa gari liko na mbuzi wanne. Kila gurudumu liko na kile kidole kinachohesabu meno yakipita. Meno yakiacha kupita na gari bado linaenda, kompyuta inajua huyu mbuzi amelala. Inamlegezea kamba. Akisimama inavuta. Inafanya hivyo mara nyingi kabla wewe hujapumua, ndiyo maana kanyagio inatetemeka. Kazi ya mguu wako ni kubaki chini. Ukitoa mguu, umetupa kamba zote nne."

Nilikaa na hayo maneno. Kisha nikasema, "Hiyo ni kanyaga, achilia."

"Ni hiyo. Ni ile ya mzee wako, lakini gari linajifanyia lenyewe. Sasa gari likiachilia na mtu pia akiachilia, nani anakanyaga?"

Nilimuuliza kama ndugu yangu angeshikilia, lingesimama. Nilitaka aseme ndiyo au aseme hapana, chochote.

"Sijui, dada," akasema. "Barabara ilikuwa imelowa. Sikuwa hapo. Sijui."

Basi nikawa najua, na nikawa sina la kufanya na kujua kwangu. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa angepoteza riziki kwa mdomo wa baba yangu. Nikisema, ningekuwa namwambia baba, akiwa bado hajanyoa nywele za msiba, kwamba kilichotoa ule mguu ni somo lake. Fundi hakuniomba niseme. Kama angeniomba, ningeweza kuvumilia. Aliendelea kulala chini ya magari ya watu, na kila lori lililoingia kwenye uwanja alikuwa akiinua kichwa kutazama kama ni wazee wanashuka.

Siku moja ikapita, na nyingine. Mwishowe nilimwambia fundi tuende Kajiado. Alikuwa na gari dogo la kwake lenye breki za namna ile ile. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na maji yalikuwa yamesimama kando ya barabara.

Baba alikuwa kwenye kigoda. Nilimwinamishia kichwa, akanigusa, akasema, "Supa, nakerai." Nikaitikia, "Ipa." Kisha akamwona niliyekuja naye. Mama alitoka mlangoni akarudi ndani.

"Huyu ni nani?" baba aliuliza, ingawa alijua.

"Ni fundi, papa."

"Amekuja kufanya nini kwangu?"

Fundi alitaka kusema pole, nikaona mdomo wake unafunguka bila sauti. Ikabidi niseme mimi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani na yote yalipotea.

"Papa, breki haikuvunjika. Nilikuwa hapo alipopewa gari. Huyu alimwambia itatetemeka. Alimwambia asiachilie."

"Asiachilie nini?"

"Breki."

Baba alinitazama kana kwamba nimesema lugha ya mbali. "Breki hushikiliwa kwenye matope? Nani alisema hivyo? Mimi niliendesha miaka hiyo yote. Ningeshikilia ningekuwa nimekufa, na wewe hungezaliwa."

"Ni kweli, mzee," fundi akasema. "Kwa lori lile ni kweli."

"Na kwa hili?"

"Kwa hili si kweli."

Baba akainuka. "Nionyeshe."

Alikuwa hajaendesha gari tangu alipostaafu, kwa sababu ya macho. Tulikwenda kwenye barabara ile ile ya udongo nyuma ya mji. Hapakuwa na mtu. Fundi alihama kiti, baba akakaa kwenye usukani, mimi nyuma. Kabla hajawasha alifungua mlango, akavua kandambili zake za tairi, akaziweka chini kwenye nyasi, na kufunga mlango.

Aliendesha vizuri. Hata na macho yale aliendesha vizuri. Gari liliposhika kasi fundi akasema, "Sasa, mzee. Kwa nguvu."

Nilisikia ule mlio. Ni kama mashine ya kusaga mahindi iliyo nyumba ya tatu. Chini ya viti palitetemeka, halafu pakanyamaza, halafu pakatetemeka, na gari likaenda mbali kabla ya kusimama.

"Umeachilia, mzee," fundi akasema kwa sauti ya chini.

"Sikuachilia."

"Mguu ulitoka."

"Nimesema sikuachilia."

Alirudisha gari nyuma mpaka tulipoanzia. Akaenda tena. Safari hii niliinama katikati ya viti, nikautazama mguu wake. Ulikanyaga. Ile kanyagio ilipoanza kutetemeka mguu ulitoka wenyewe, ukarudi, ukatoka. Uso wake ulikuwa unatazama mbele, umekazwa, kama wa mtu anayeshikilia. Hakuwa anadanganya. Hakujua.

Gari liliposimama, naye aliinama akatazama mguu.

"Tena," akasema.

Mara ya tatu aliacha usukani kwa mkono mmoja na kukandamiza goti lake kwa ule mkono mwingine, kwa nguvu zote, vile unavyomshika ndama asiinuke. Kanyagio ikatetemeka na goti likatetemeka na mkono wake. Gari halikuteleza wala kugeuka. Lilisimama karibu, limenyooka, mbele yetu barabara tupu.

Injini ilizimika yenyewe. Baba alikuwa bado ameshika goti.

"Angejua vipi?" akasema, lakini hakuwa anatuuliza.

Fundi alijibu hata hivyo. "Nilitaka tujaribu pamoja. Ilikuwa saa ya kufungua. Nilimwambia kesho."

"Kesho," baba akasema.

Alifungua mlango akashuka. Kandambili zake zilikuwa nyuma sana, kule tulipoanzia, na hakuzifuata. Alianza kutembea kuelekea nyumbani miguu mitupu katikati ya matope. Nilishuka nikamwita, hakugeuka. Nilikwenda nikazichukua zile kandambili, na niliporudi fundi alikuwa amehamia kwenye usukani. Tulimfuata nyuma. Fundi aliendesha pole pole kama mtu anayepeleka maziwa, wala hakujaribu kumpita. Njia nzima nilikuwa nimezipakata zile kandambili. Nilikuwa nimesema ukweli, na ule ukweli ulikuwa unatembea mbele yetu peke yake, na sikujua namna ya kuurudisha ndani ya gari.

Jua lilikuwa linazama tulipofika. Baba alifika geti kabla yetu. Alilifungua lote, akalishikilia wazi mpaka gari likaingia, akalifunga. Kisha akaenda kwenye mlango wa mama.

"Leteeni mgeni maji," akasema. "Jua limeingia na huyu mtu hajala."

Mama alileta maji na chai ya maziwa. Fundi alikunywa maji kwanza, akiwa amesimama, kisha baba akamwonyesha kigoda, naye akakaa. Niliweka kandambili karibu na miguu ya baba. Hakuzivaa. Alikaa kando ya fundi wakitazama mahali ambapo gari la ndugu yangu lilikuwa likiegeshwa, na mguu wake wa kulia, wenye matope mpaka kifundoni, ulikuwa unakanyaga ardhi na kuachilia, ukikanyaga na kuachilia. Fundi aliuona. Mimi niliuona. Baba alinyoosha mkono akashika goti.